Barua ya wazi kwa vijana wa grupu ya takataka: kufuata pia ni kazi

Vijana wangu,

Salamu kwanza, natumai mko salama na hii mvua. Nimesikia mmegawanyika tena. Ati sasa kuna grupu ya huko steji na grupu ya huku chini, kila moja na mwenyekiti wake na muhuri wake, na kwa ploti zetu takataka imelala wiki mzima mbwa zikipasua mifuko, mama mboga ananiangalia vibaya ni kama ni mimi nilizimwaga. Nani alimkosea nani sitaki kuingilia, nimesikiza pande zote mbili na zote zina maneno matamu. Wenyekiti wameshaongea vya kutosha. Leo nataka kuongea na nyinyi mnaosukuma mkokoteni, wale mkiulizwa mnasema "mzee mimi nafuata tu".

Hii Nairobi kila wikendi kuna semina ya uongozi mahali, vijana wanapewa tishati na soda na cheti, na sijawahi kuona hata moja ya kufundisha mtu vile anafaa kufuata. Na bado asubuhi mpaka usiku sisi ni kufuata, makanga anasema songa nyuma unasonga, foromani anasema beba unabeba, daktari, pasta, admini wa grupu, wote hao unawafuata siku moja kabla hujarudi kulala. Mwenyekiti ni mmoja. Nyinyi wengine wote mko kwa hii kazi nyingine na hakuna mtu amekaa chini akawaonyesha.

Mimi huwa najiuliza swali moja: huyu mtu nikimfuata nimempa nini, na nimebaki na nini? Jibu si moja kila mahali, na hapo ndio watu wengi huchanganyikiwa.

Wacha nianze na mjengo kwa sababu ndio nimefanya maisha yangu, nikaanza mtu wa mkono, yaani wa kumsaidia fundi, nikaishia foromani. Mtu wa mkono mzuri, wiki za kwanza anafuata bila maneno mingi. Fundi akisema leta mchanga karai nne unaleta nne, huleti tano ati umeona tano ni poa, hiyo hesabu ina maana, ukizidisha mchanga umekula nguvu ya simiti. Maswali yako unayaweka mpaka lanchi, mkikaa na madondo na chapati hapo unamuuliza "fundi, mbona leo umepunguza maji?" na fundi wa roho safi atakueleza mpaka ujue kitu hata mwenye ploti hajui. Wale wa kuuliza kila dakika mbele ya watu niliwaona wengi, hawataki kujua, wanataka kuonekana. Hawadumu.

Lakini kuna kitu hauwezi kumpa foromani hata akiwa nani. Fikirieni siku ya kumwaga slabu. Watu ni wengi, mashine inanguruma, jua liko juu, kontrakta anataka kazi iishe kabla ya giza, na zege imeanza kuwa nzito kusukuma. Mtu anachukua ndoo ya maji anamwaga juu ndio iteleze. Inateleza kweli, kila mtu anafurahi, na kila ndoo ya ziada imepunguza nguvu ya hiyo slabu kwa sababu yale maji yakikauka yanaacha vishimo vidogo ndani ambavyo macho hayaoni. Sasa nani ako na ndoo? Injinia alikuja asubuhi na helmeti nyeupe akaenda zake. Ni wewe uko na ndoo. Na vilevile ni wewe utaambiwa utoe miti ya kushikilia slabu kabla ya wakati juu mwenye nyumba ashachukua deposit za wapangaji, na kila mtu kwa mjengo anajua zege hupimwa nguvu yake siku ya 28.

Hapo unasema hapana. Lakini kuna vile inasemwa. Nilikuwa na kijana mmoja chini yangu, mpole sana, hata jina lake watu walikuwa wanasahau. Siku moja aliona kona ya ukuta imetoka. Hakupiga kelele, hakusema fundi fulani hajui kazi, alikuja na pima maji mkononi akaniambia "mzee hebu niangalilie hiki kipovu, naona ni kama kimeenda kando ama ni macho yangu". Ukuta ulikuwa umepanda kozi tatu peke yake, yaani mistari tatu ya mawe. Tukabomoa tukarudia, fundi akanuna mpaka jioni, ikaisha. Angengoja kozi ya kumi ingekuwa vita. Na muone, alikuja na kipimo, maoni yake aliyaacha nyumbani.

Wengine wenu mlikuwa wadogo ile usiku ya tarehe 29 Aprili 2016 jengo la gorofa sita likaanguka mtaa wa Huruma hapa Nairobi kwa mvua, watu zaidi ya 40 wakafa. Kila jengo kama hilo likianguka tunamtafuta mwenye nyumba, na ni sawa atafutwe. Lakini gorofa sita hazijengwi na mtu mmoja, kuna mikono mingi hubeba ndoo.

Na si mjengo peke yake. Mei 2007 ndege ya Kenya Airways ilipaa usiku kutoka Douala kule Cameroon ikija hapa Nairobi, ikaanguka muda mfupi tu baadaye, wote 114 wakafa. Ripoti ya uchunguzi pamoja na mengine iliongea juu ya tabia za marubani wawili, mkubwa alikuwa mbabe na mdogo alikuwa mpole wa kujizuia. Siku hizi rubani mdogo anafundishwa darasani kabisa vile atamwambia mkubwa wake hii si sawa, na mkubwa naye anafundishwa kusikia. Kama wenye ndege wameona hilo ni somo, sisi wa mkokoteni ni akina nani.

Sasa twende kwa pesa, kwa sababu hapa ndio mnachanganya. Mnafuata trezara vile mtu wa mkono anafuata fundi. Hapana! Fundi anajua kukuliko ndio maana unanyamaza kwanza. Trezara hajui kukuliko, ni wewe ulimpa zako. Kwa hivyo kwa chama maswali yanatangulia, kila mwezi, statimenti ya benki na ya M-Pesa isomwe kwa mitingi, watu wa kusaini wawe zaidi ya mmoja, na mtu asikasirike ati mnamshuku. Ile sheria ya 2022 ya kusajili vikundi vya jamii inataka muwe na katiba, na yenu mnayo, niliiona, imefungiwa kwa droo ya katibu. Ni wangapi wenu mmeisoma? Unafuataje kitu hujasoma?

Lakini swali liulizwe kwa mitingi, si kwa kibanda cha chai nyuma ya mgongo wake. Na kabla uulize kwa nguvu, uwe umelipa michango yako. Nimeona mtu ana deni ya miezi na ndiye anagonga meza.

Kitu kingine kigumu zaidi ni kushindwa kura. Mlipigia kura, wengine walitaka tuktuk, wengine walitaka kuongeza mkokoteni, mkokoteni ukashinda. Walioshindwa wakatoka wiki hiyo hiyo wakaenda kuchonga muhuri. Hiyo si kukosoa, hiyo ni kununa. Ukishindwa kura unasukuma huo mkokoteni kama ni wewe uliuchagua mpaka tarehe mliyosema mtaangalia hesabu tena, na siku hiyo unaleta karatasi yako ya tuktuk, petroli ni ngapi, spea ni ngapi. Mkishinda kwa hesabu hata mwenyekiti mwenyewe atawafuata.

Mjukuu wangu anasoma mambo ya biashara chuoni, juzi alinisomea juu ya profesa mmoja wa Marekani, Robert Kelley, huyo mwaka wa 1988 aliandika juu ya wafuasi akawapima kwa vitu viwili: anafikiria mwenyewe ama anafikiriwa, na anajituma ama amekaa tu. Kuna wa kufikiriwa na wamekaa, kuna wa kujituma lakini ni ndio mzee ndio mzee, kuna wenye akili wamekaa kando wanacheka, kuna wa kuangalia upepo, halafu kuna yule anafikiria na anashika kazi. Nilipenda. Mimi ningeongeza tu kwamba mtu mmoja anaweza kuwa wote hao siku moja. Nawajua watu kazini ni kondoo kabisa, wakifika kwa grupu ya mtaa ni simba wa kukosoa.

Na msiniambie ati nyinyi ni kizazi cha kukosa kiongozi. Juni 2024 mlitoka barabarani mkisema hakuna kiongozi na mimi niliwaona, na ule mswada wa fedha wa kuongeza ushuru Rais alikataa kuusaini tarehe 26, siku moja tu baada ya watu kuingia Bunge. Wengine hawakurudi nyumbani, Mungu awalaze pema. Kukosa kiongozi hakukumaanisha watu hawafuati. Mlikuwa mnafuata posta za mtandaoni, saa, barabara gani, nani amesema nini. Na waliofuata vizuri ni wale walisoma mswada wenyewe wakaueleza kwa lugha za kwao, na wale madaktari na manesi wa kujitolea ambao hawakungoja kuitwa. Waliofuata vibaya walifowadi kila kitu. Kwa maandamano unabaki na vitu viwili mfukoni, ukweli na miguu yako. Ibara ya 37 ya Katiba ya Kenya inakupa haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha, na yule wa mbele akianza kuokota mawe uko huru kurudi nyumbani, hujamsaliti mtu.

Kwa matanga sina mengi. Kamati ikisema basi linaondoka saa kumi na mbili uko hapo saa kumi na mbili, familia imesema jeneza ni hili basi ni hili, mchango wako tuma na unyamaze. Hapo mpe kiongozi karibu yote, ni siku mbili tatu na kuna watu wanalia.

Nimeongea na pande zote mkutane Jumapili pale uwanjani saa nane. Katibu alete katiba ipigwe fotokopi, pesa ya fotokopi nitatoa mimi. Trezara asome hesabu mpaka mwisho bila kukatizwa, hata kama inawachoma, halafu ndio maswali. Atakayesema "mimi nafuata tu" nitamuuliza ukurasa wa pili umeandikwa nini. Na kabla ya hiyo Jumapili, kesho asubuhi, hiyo takataka ya nyuma ya kanisa itolewe na grupu zote mbili, mwenye glavu alete glavu.

Mimi mzee wenu wa ploti ya kona.