Kuhusu paladini wa Shemeji

Saint Paul, Minnesota

Sahibu yangu mpendwa,

Salamu sana. Mimi ni mzima wa afya. Hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Najua nimekaa kimya tangu urudi Tanga, na utasema nimekukumbuka kwa sababu nina shida. Ni kweli, nina shida. Meza ya Dungeons & Dragons uliyoniachia niisimamie, ule mchezo wa kuigiza wahusika wa hadithi kwa kurusha dadu, inakaribia kuvunjika, na chanzo ni Shemeji na mhusika wake, paladini, yaani shujaa aliyekula kiapo.

Unakumbuka jinsi paladini anavyoelemewa katika sheria za 2014: anahitaji nguvu za kupigia upanga, na papo hapo anahitaji haiba, kwa sababu miujiza yake na kinga anayowapa wenzake vinategemea haiba. Mwenye pointi 27 za kununulia sifa zote sita hana budi kuumia mahali. Shemeji hakuumia popote. Amechukua ngazi moja tu ya mchawi wa mkataba, anayepewa uganga na kiumbe aliyepatana naye, upande ule wa Hexblade uliotoka katika kitabu cha 2017, na tangu hapo upanga wake unapiga kwa haiba. Nguvu ameziacha kwenye 13, kiwango cha chini kabisa ambacho sheria inamdai paladini anayechanganya kazi yake na ya mhusika wa aina nyingine, na pointi alizookoa amezipeleka kwingine. Nimelikagua karatasi lake la mhusika mara kadhaa nikitafuta kosa, na sikuliona.

Kilichonikera ni jibu lake nilipomwuliza mhusika wake amefunga mkataba na nani. Huyu ni mtu aliyekula kiapo cha haki mbele ya watu, kisha akaenda kuomba nguvu kwa kiumbe wa gizani asiyejulikana hata jina. Shemeji alinitazama kama karani wa bandari anavyomtazama mtu aliyekuja bila stakabadhi, akasema, “Hiyo si habari, hiyo ni ngazi moja.”

Somo, mchezaji mwenzetu, akawaka. Tangu siku hiyo anadai kwamba tumegeuka ofisi ya uhasibu na kwamba hesabu ni adui wa uigizaji, na ili kututhibitishia ameleta mchawi msomi mwenye akili 8. Sitakuficha, anamwigiza vizuri mno: husahau majina ya uganga wake mwenyewe, na huwaamkia maadui shikamoo kabla ya kupigana. Tumecheka hadi machozi. Lakini uganga wa msomi hutoka katika akili, na 8 humpunguzia kila anaporusha dadu ya pande 20, kwa hiyo anakosa pale ambapo wenzake wamemtegemea, na katika pambano la mwisho wawili walianguka wakimlinda. Uigizaji wake unalipiwa na damu ya wengine, jambo ambalo yeye halihesabu.

Nilimkumbusha kwamba ni katika miji hii hii yetu ya Minneapolis na Saint Paul Dave Arneson alipowaendeshea wenzake michezo ya ulimwengu wake wa Blackmoor, kabla yeye na Gary Gygax hawajautoa mchezo wenyewe mwaka 1974, na kwamba wote wawili walitoka katika michezo ya vita ya wanajeshi wadogo, ambayo ni hesabu tupu. Katika sheria zile za mwanzo, dadu tatu za pande sita ndizo zilizokupa sifa zako, nawe ukapokea ulichojaliwa. Hakuna aliyelaumiwa kwa kuchagua kwa ujanja, kwa kuwa hapakuwa na cha kuchagua. Somo akajibu, “Basi turudi huko.” Shemeji naye akasema turudi, tuone nani atalia. (Binti yake, ambaye huja kwa ajili ya sambusa tu, aliunga mkono pande zote mbili.)

Kwa maoni yangu Shemeji hana kosa la kupiga hesabu. Mhusika wako wa zamani, yule mtawa, alikuwa ndiye aliyepangwa vizuri kuliko wote, na bado tunamtaja kwa maneno yake kabla ya kumtaja kwa mapigo yake. Shemeji amenunua kitu, na muuzaji hajaja kudai. Hilo liko mikononi mwangu: naweza kumleta yule kiumbe, azungumze kutoka ndani ya upanga, amtake paladini jambo linalogongana na kiapo chake. Ninachohofia ni kwamba itaonekana namwadhibu mmoja kwa kuhesabu vizuri, huku yule aliyechagua udhaifu kwa makusudi akiendelea kupigiwa makofi.

Usinishauri tuhamie sheria za 2024. Humo nako mchawi wa mkataba anaweza kupata upanga wa haiba tangu ngazi ya kwanza. Wala usinitajie hamasa, ile zawadi ya kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Niliitoa kwa uigizaji mzuri, na Shemeji akaanza kulia machozi kila kabla ya pambano.

Sasa ombi langu. Je, ungekubali kuwa sauti ya huyo kiumbe, kwa simu ya video, Jumamosi moja? Tukianza asubuhi kwetu, kwako itakuwa jioni. Utakuwa umeshafunga duka? Ungemdai nini Shemeji ambacho hawezi kukipigia hesabu? Na Somo nimfanyeje: nimwambie waziwazi, au nimwachie mchawi wake afe? Wewe ulipokuwa msimamizi, uliwahi kumkataza mtu karatasi lake? Na mbona hukuniambia kwamba kazi hii iko hivi?

Nduguyo akupendaye