Maandalizi ya somo la Alhamisi: Wafilipi 4:10-13

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kabla ya Alhamisi someni mistari hii ya kuridhika mara tatu, mara moja kwa sauti. Mstari wa 13, "Nayaweza mambo yote", tusiuchomoe peke yake. Hapo ndipo wengi tunapoteleza, tukaugeuza ahadi ya kufaulu mtihani au biashara. Mstari wa 12 unataja kushiba na kuona njaa, na Paulo aliandika akiwa kifungoni (1:13). Tena katika mstari wa 11 anasema "nimejifunza" kuwa radhi: kuridhika hakukumjia kwa siku moja.

Kisha kila mtu aandike tendo moja tu, lenye siku na mtu. Si "nitaridhika zaidi", bali "Ijumaa nitampongeza mwenzangu aliyepandishwa cheo, kwa moyo mweupe". Liandikeni daftarini, msilitume humu.