Nunua gome, maua yatakuja yenyewe

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Nimefurahi kusikia mmehamia Leeds huko Uingereza na mmepata ua, hata kama ni mdogo. Umeniuliza upande mti gani wa maua. Mimi nakwambia tafuta mti wa gome.

Uko mcheri mmoja, wataalamu huuita Prunus serrula, asili yake milima ya magharibi ya China na Tibet. Maua yake, nisikufiche, si ya kujivunia: madogo, meupe, yanatoka pamoja na majani na nusu yake hayaonekani. Lakini shina! Jekundu la kukoza, linang'aa kama sinia ya shaba iliyotoka kusuguliwa, na ganda la juu hujibandua lenyewe vipande vyembamba ambavyo jua likipita nyuma yake huwaka. Utamu wake ni Januari, bustani za wenzio zikiwa vijiti na matope.

Kwa hiyo panda mahali unapouona ukiwa ndani, maana nani atatoka na baridi ile kwenda kutazama mti? Jua la kusini lisizibwe na ukuta, na maji yasituame. Usiubane na nyumba. Ukikomaa hupita mita 8.

Matawi ya chini yaondoe yangali membamba, shina libaki wazi. Ila wakati wa baridi usiguse mkasi: kuna kuvu inayogeuza majani rangi ya fedha, nayo huingilia kwenye vidonda. Kata Juni au Julai, siku kavu. Shina likiota ukijani, lioshe kwa maji na kitambaa laini. Jirani akicheka, mwache acheke.

Na watoto uwakanye mapema wasilichune gome hilo, ingawa hata watu wazima mkono huwawasha. Muiri wa misitu ya Mlima Kenya, ambao ni wa ukoo huo huo, umeponzwa na gome: ulichunwa kwa dawa ya tezi dume hadi biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa mwaka 1995.

Miche isiyo na chungu, yenye mizizi wazi, huuzwa kuanzia Novemba hadi Machi, na ni nafuu. Chungulia mahali mche ulipounganishwa na mzizi wa mti mwingine: pawe chini, karibu na udongo. Ukiwa umeunganishwa juu, shina ni la mti mwingine na pesa yako imekwenda bure. Ukiupata nijulishe, nitapanda treni nije na sepetu. Chai ya tangawizi juu yako.

Wako,
Maryam