Barua ya Wazi kwa Waziri wa Usalama wa Ndani: Leseni ya Bastola Isiwe Hisani ya Ofisa

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa Mkenya mwenye leseni ya bastola, mkazi wa Pwani, ambaye mchezo wake ni kulenga shabaha. Sibebi silaha sokoni wala harusini. Bastola yangu hukaa ndani ya sefu iliyokazwa ukutani kwa bolti, na ikitoka huwa inakwenda uwanja wa shabaha, kisha inarudi. Wizara yako ndiyo yenye dhamana ya utoaji wa leseni za silaha, na jambo ninalotaka kulisema haliwezi kumalizwa na karani wa dirishani.

Jambo lenyewe ni hili. Serikali ikitaka kumfutia raia leseni, impe sababu kwa maandishi, imsikilize, na impe uamuzi kwa muda unaojulikana. Siombi bunduki zaidi mitaani. Siombi masharti yalegezwe hata moja.

Najua Wakenya wengi wakisikia wenye bunduki wanadai haki, mawazo yao hukimbilia Marekani na marekebisho yale ya katiba yao ya mwaka 1791, yanayolinda haki ya kumiliki silaha. Sisi hatuko huko. Katiba yetu ya 2010 haina kifungu kinachompa mtu haki ya kumiliki silaha, wala sitaki kiongezwe. Bastola Kenya ni ruhusa, na ruhusa ina masharti yake: cheti cha tabia njema, sababu inayoeleweka, mahali salama pa kuihifadhi, idadi ya risasi iliyoandikwa kwenye cheti. Yote nayakubali. Lakini aliyepewa ruhusa hajazikabidhi haki zake nyingine pale dirishani. Kifungu cha 47 kinamhakikishia kila mtu utendaji wa kiofisi ulio wa haraka, wa haki na wa kisheria, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki zake zinapoguswa. Kifungu cha 40 kinalinda mali yake, na cha 31 kinalinda nyumba yake na taarifa zake. Nimevisoma vyote na sikuona mahali paliposemwa kwamba mwenye bastola haingii.

Kama hujawahi kufika uwanja wa shabaha siku ya mashindano, Mheshimiwa, nikueleze kunavyokuwa. Ukiingia, bastola imo ndani ya mkoba wake, haina risasi, na hairuhusiwi kutolewa mpaka msimamizi akuite mstarini. Akikuita anasimama karibu yako, macho kwenye mikono yako. Akisema jaza, unajaza. Kipima muda kinalia, unafyatua, na ukimaliza unatoa magazini, unavuta slaidi nyuma, unamwonyesha chemba, pale risasi inapokaa. Anachungulia mwenyewe, hakubali kuambiwa. Akiridhika ndipo bastola inarudi mkobani. Mtutu ukigeukia upande walipo watu, mashindano yako yamekwisha siku hiyo, uwe hakimu au uwe daktari. Nimemwona bwana mmoja mwenye cheo kikubwa akitolewa mstarini kwa sababu kidole kilitangulia kwenye kifyatulio kabla ya wakati wake. Aliondoka bila kubishana, kwa sababu kanuni anaijua, kosa ameambiwa hapo hapo, na aliyemwambia amesimama mbele yake.

Hivyo ndivyo tunavyotendewa kwenye viwanja vya Kirigiti kule Kiambu, Stoni Athi, Bamburi. Tangu uwindaji upigwe marufuku nchini mwaka 1977, anayependa ufundi wa bunduki karibu hana mahali pengine pa kuutumia kihalali kama mchezo ila kwenye viwanja hivi. Ni mchezo wa kutuliza pumzi na kuzuia mkono usitetemeke. Wapo mama zetu wa makamo wanaowashinda vijana wa jeshi, nami nimeshindwa nao.

Sasa linganisha na yaliyompata mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja. Alipigiwa simu na ofisa akatakiwa apeleke bastola yake kituoni. Alipouliza sababu aliambiwa ni amri kutoka juu. Akaipeleka siku ile ile. Alipewa namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, kwenye kipande cha karatasi, bila barua, bila jina la aliyetoa amri. Kuanzia hapo ikawa nenda rudi. Aliyekuwa zamu amehamishwa. Faili iko Nairobi. Nairobi wanasema faili iko kituoni. Aliporudishiwa hatimaye, hakuelezwa kosa lilikuwa nini, na mtutu ulikuwa umeshika kutu ndani, maana hewa ya bahari haina huruma na chuma kisichopakwa mafuta. Kutu aliisugua ikatoka. Kisichotoka ni yale yaliyosemwa kazini kwake. Mtu akisikika kapokonywa silaha, hakuna anayeuliza kama ofisi ilikosea. Watu huulizana alitaka kumpiga nani.

Sheria yenyewe imeacha mlango wazi haya yatokee. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ilitungwa mwaka 1953, Hali ya Hatari ya kupambana na Mau Mau ikiwa imetangazwa Oktoba ya mwaka uliotangulia. Inamruhusu mtoa leseni kuifuta akiridhika kwamba mwenye nayo ana mazoea ya ulevi, au hana akili timamu, au kwa namna nyingine hafai kuaminiwa na silaha. Ulevi una mashahidi. Akili ina daktari wa kuulizwa. Hilo la tatu halina kipimo, na palipokosekana kipimo huamua mwenye muhuri.

Historia yetu inatufundisha matumizi ya mamlaka ya namna hiyo. Novemba 1956, mahakama iliyoketi Nyeri ilimhukumu Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, kifo kwa kupatikana na bastola na risasi kinyume cha sheria, na Februari 18, 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti. Mwezi huo huo wa Novemba, Michezo ya Olimpiki ilikuwa inafunguliwa Melbourne, na koloni la Kenya lilipeleka huko timu yake ya kwanza kabisa, ndani yake wakiwamo walenga shabaha. Najua Kimathi alikuwa vitani, wala simlinganishi na mtu wa kutoboa karatasi uwanjani. Ninachokitazama ni mfumo: bunduki kwa huyu ni mchezo na sifa, kwa yule ni kitanzi, na anayewatenganisha ni ofisa wa serikali asiyemjibu mwananchi. Wakoloni wameondoka. Maneno waliyoyaandika bado yako kitabuni, na yanatumika juu yetu sote, Mwafrika kwa Mhindi kwa Mzungu.

Ndiyo maana joto la siasa likipanda sisi hushtuka. Tumeshaona wanasiasa waliokosana na serikali wakipoteza leseni zao katikati ya mvutano. Huenda wengine walistahili. Bila sababu iliyoandikwa, nani atajua? Na kama mtu mwenye mawakili na kamera za televisheni mlangoni anaweza kufanyiwa hivyo, mwalimu wa Malindi mwenye bastola moja ya mashindano atashika wapi?

Mheshimiwa, sidai kwamba wenye leseni ni malaika. Januari 2020 mchezeshaji muziki alipigwa risasi ya shingo ndani ya klabu ya usiku Nairobi, na nchi nzima iliiona video. Kijana yule maisha yake yaligeuka usiku mmoja. Mtu anayeingia baa na bastola kiunoni hana nafasi kwenye uwanja wetu, na akifutiwa leseni kwa utaratibu nitaunga mkono. Vilevile Desemba 2018, Waziri wa wakati huo, Fred Matiang'i, alipoamuru kila mwenye leseni apigwe msasa upya ndani ya siku 90, mimi nilipanga foleni bila kinyongo. Vyeti vya kughushi vilikuwapo, na vilituharibia jina sisi tulio na vya halali.

Ila kuna jambo la foleni ile ambalo bado linanikosesha usingizi. Tulitoa alama za vidole, anwani, picha, na habari za silaha zetu, wakati Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ilikuwa bado haijapitishwa. Orodha ya wenye bastola ikiwa na anwani zao ndani ni ramani ya jambazi. Nani anaiona? Imehifadhiwa wapi? Mtu akirudisha silaha yake kwa hiari, jina lake linaondolewa lini? Kuhusu Huduma Namba, ule mpango wa serikali wa kumpa kila mtu namba moja ya utambulisho, Mahakama Kuu ilisema Januari 2020 kwamba shughuli ile haiwezi kuendelea bila mfumo wa kisheria wa kulinda taarifa za watu. Sioni kwa nini orodha hii, iliyo ya hatari zaidi, isamehewe.

Na tusisahau bunduki zinazoua Wakenya wengi ziko wapi. Makadirio ya mwaka 2017 ya Small Arms Survey, taasisi inayochunguza silaha ndogo duniani, yaliweka silaha zilizo mikononi mwa raia Kenya kwenye 750,000 hivi, na zenye leseni ni sehemu ndogo mno ya hizo. Waliowaua maofisa wa polisi zaidi ya 40 Baragoi, kule Samburu, Novemba 2012, hawakuwa na leseni ya kufutwa. Lakini siku magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 21, 2013, miongoni mwa watu wa kwanza kuingia ndani kuwatoa mama na watoto walikuwa raia wenye bastola za leseni, Abdul Haji akiwa mmoja wao. Serikali iliwasifu, na ilistahili kuwasifu. Raia wa namna ile ndiye huyu anayeambiwa leo "amri kutoka juu".

Ninachoomba kinawezekana kwa kanuni tu, bila hata kwenda Bungeni. Kanuni iseme kwamba leseni haifutwi kabla mwenye nayo hajapewa barua yenye sababu na siku za kujibu. Na pale hatari ni ya papo hapo, silaha ichukuliwe kwanza lakini barua ifuate ndani ya siku chache, ikiwa na jina na sahihi ya aliyeamua. Silaha ikishikiliwa, mwenyewe apewe hati inayotaja namba yake na hali yake, na iwekwe pakavu. Leseni ya mchezo itenganishwe na ya kujilinda. Mashindano ya siku moja yanaweza kumaliza risasi mia na zaidi, na kiwango cha risasi kilichofikiriwa kwa mtu anayelinda duka hakimtoshi mtu anayetaka kuiwakilisha Kenya. Badala yake tufungwe zaidi upande mwingine: risasi za mazoezi zihesabiwe uwanjani, maganda yahesabiwe, daftari la klabu likaguliwe wakati wowote. Tutafungua mlango.

Rasimu ikiwa tayari, ichapishwe mapema tuisome, sisi na wale wanaotaka bunduki zote za raia zikusanywe, maana Kifungu cha 10 kimeuweka ushirikishwaji wa wananchi kuwa wetu sote. Kuna akina mama waliopoteza wana kwa risasi ambao watanipinga kwa machozi, na nitakaa niwasikilize.

Kwa wale ambao silaha zao ziko vituoni leo bila barua yoyote, tafadhali usingoje kanuni mpya. Barua ya ukurasa mmoja inayotaja sababu inaweza kuandikwa wiki hii.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mlenga shabaha mwenye leseni,
Kilifi