Barua kwa Mwalimu: Vita vyetu viligeukia Jasini

Tanga,
18 Januari

Mwalimu, rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa watu wote wa nyumbani. Sisi huku tu wazima, ila joto la Januari halina huruma.

Nimeisoma ile orodha yako ya mapigano ya Vita Kuu ya Kwanza unayotaka kuwafundisha vijana muhula huu. Marne, Verdun, Somme, Jutland, na kwa upande wetu umeweka mstari mmoja tu: Tanga, 1914. Umeniuliza kama mimi mtu wa Tanga nina la kuongeza. Ninalo. Kama unatafuta pale ambapo vita viligeuka katika nchi hii, usiishie Tanga. Panda kaskazini kidogo, mpaka Jasini, karibu na Mto Umba na mpaka wa Kenya. Leo nimeamua kukuandikia kwa sababu mapigano yenyewe yalianza tarehe kama ya leo, 18 Januari 1915.

Tanga nayo siibezi. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilifika na askari wapatao 8,000 kutoka India, wengi wao wamechoshwa na safari ndefu ya bahari na hawajawahi kuwa vitani. Kabla ya kushusha mtu, nahodha wa manowari ya Fox aliingia bandarini kuwaarifu Wajerumani kwamba makubaliano ya kutoshambuliana yamevunjwa. Huo muda ndio Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani waliotawala nchi hii wakati ule, aliouhitaji. Askari wake walikuwa upande wa Moshi, na reli ilikuwepo, basi akawateremsha kwa treni. Wahindi waliposhuka Ras Kasone na kusonga mbele mashambani tarehe 4, walikutana na watu kiasi cha 1,000 waliokwisha kujipanga. Kisha mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini ikapigwa risasi, nyuki wakatoka wakiuma kila mtu, Mjerumani na Mwingereza. Kesho yake wavamizi walirudi melini, wakiwa wamepoteza zaidi ya watu 800 kwa kuuawa, kujeruhiwa na kutekwa.

Vijana hupenda kisa cha nyuki, na sikulaumu ukiwasimulia. Lakini waambie pia kilichobaki ufukweni: mamia ya bunduki za kisasa, bombomu, na risasi zaidi ya nusu milioni. Askari weusi wa Kijerumani walikuwa wakitumia bunduki za zamani zinazotoa moshi mzito, kila ukifyatua adui anajua ulipo. Ushindi wa Tanga uliwapa silaha, na uliwapa imani kwamba wanaweza kupigana vita vya uso kwa uso na kushinda.

Jasini ndiko imani hiyo ilikoishia. Waingereza walikuwa wameweka kikosi cha askari wa Kihindi wapatao 300 kwenye boma katikati ya mashamba ya mkonge, na Lettow akaona wako karibu mno na Tanga. Akakusanya jeshi, akawazingira. Boma halikuanguka kirahisi. Kanali Raghbir Singh wa kikosi cha Kashmir aliuawa akilitetea, na waliobaki walipigana chini ya jua kali, maji hakuna, mpaka risasi zikaisha. Tarehe 19 asubuhi wakapandisha bendera nyeupe. Lettow aliwarudishia maofisa wao wawili wa Kiingereza panga zao na kuwaachia huru kwa ahadi ya kutopigana tena.

Hapo ndipo wengi hufunga ukurasa: Wajerumani wameshinda tena. Lakini hebu tazama upande wa pili wa daftari. Lettow mwenyewe alipigwa risasi mkononi. Maofisa wake wazoefu, akiwemo Meja Kepler, walikufa, na kwa kuwa manowari za Kiingereza zilikuwa zimeziba pwani, hakukuwa na wa kuletwa badala yao. Risasi zilizotumika zilikuwa 200,000. Baadaye aliandika kwamba kwa kasi ile angeweza kupigana mapigano kama yale mara tatu zaidi, basi. Mwalimu, mimi naona uamuzi mzito kuliko yote katika vita vile ulitoka kwenye hesabu hiyo ya risasi. Tangu hapo aliachana na mapambano makubwa isipokuwa akilazimika. Akageukia kuvamia reli ya Uganda usiku, kulipua madaraja, kupiga na kutoweka. Lengo lilikuwa kuwashughulisha askari wengi wa adui huku, wasipelekwe Ulaya.

Ukitaka kuona risasi zilivyokuwa ghali, wasimulie habari ya Ghuba ya Manza, papa hapa kaskazini mwa Tanga. Aprili 1915 meli ya Rubens ilipenya kutoka Ujerumani ikijifanya ya Denmark. Waingereza wakaipiga mizinga, ikazama kwenye maji yasiyo na kina. Walipoondoka wakiamini kazi imekwisha, wapiga mbizi wakaanza kutoa shehena. Risasi zilizoloa maji ya chumvi zilifunguliwa moja moja, baruti ikatolewa na kukaushwa, kisha zikafungwa upya. Wanaofanya kazi kama hiyo hawana mpango wa kusalimu amri kesho.

Na hawakusalimu. Mwaka 1916 Jenerali Jan Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, aliingia kwa nguvu kutoka Kenya: Moshi ikachukuliwa Machi, Dar es Salaam Septemba 4, na kama majuma mawili baadaye Wabelgiji wakaingia Tabora. Kwenye ramani vita vimekwisha. Porini ndiyo kwanza vinaanza, kwa sababu Lettow hakuwa akilinda miji. Alikuwa akirudi nyuma kuelekea kusini, Smuts nyuma yake. Farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o, magari yalizama kwenye tope la masika. Kilichobaki kubebea mizigo ni vichwa na mabega ya watu.

Hapa tafadhali usikimbie. Wape vijana hesabu ubaoni. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 za unga, na anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku 12 kwenda na 12 kurudi, hakuna anachofikisha zaidi ya kilo moja. Kadiri jeshi linavyokwenda mbali na reli, ndivyo wanavyohitajika wapagazi wa kuwalisha wapagazi. Ndiyo maana upande wa Waingereza peke yake ulichukua watu wapatao milioni moja, wengi kwa nguvu, hasa 1917 walipokusanya kila mwanamume aliyeweza kutembea. Walipewa unga mbaya usioiva kwa kukosa muda na kuni, wakaugua tumbo la kuhara damu, wakafa njiani. Hesabu ya Waingereza wenyewe ni takriban 95,000 waliokufa, na wanahistoria wengi wanaona idadi halisi ilizidi hapo. Ofisa mmoja wa Wizara ya Makoloni aliandika kwamba jambo hili halikuwa kashfa kwa sababu tu walioumia zaidi walikuwa wapagazi, na nani anajali wapagazi. Mimi nikiyasoma maneno hayo mwili unanisisimka kwa hasira.

Na kwenu Ugogo wewe unajua zaidi kuliko mimi. Majeshi yote mawili yalipita pale yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana, kisha mvua zikakataa. Mtunya, ile njaa kubwa ya 1917 hadi 1920, uliwaua, kwa makadirio ya wakati ule, watu wapatao 30,000. Njaa hiyo ilikuwa sehemu ya vita, nayo nataka iingie kwenye orodha yako.

Mahiwa, upande wa Lindi, Oktoba 1917, iweke pia, maana ndipo Lettow alipokaa tena na kupigana siku nne mfululizo. Waingereza, pamoja na kikosi cha Wanigeria kilichozingirwa pale, walipoteza watu kama 2,700. Yeye alipoteza zaidi ya 500 na karibu risasi zote za kisasa, ndipo Novemba akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Ni Jasini ile ile, kwa ukubwa zaidi. Alisalimu amri Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918, majuma mawili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya.

Ukipita Nairobi likizo hii, simama kwenye ile sanamu ya watu watatu barabara ya Kenyatta. Mmoja ni mpagazi, na maandishi ya Kiswahili yanawataja wapagazi kuwa ni "miguu na mikono ya jeshi". Sanamu yetu ya Dar es Salaam, ya 1927, ina askari peke yake juu na bayoneti yake. Wapige picha zote mbili, uwaulize wanafunzi ni ipi inayosema kweli zaidi kuhusu vita hivi.

Nina ombi moja. Waambie vijana wako wakaulize majumbani kama kuna babu mzaa babu aliyechukuliwa kubeba mizigo, jina lake, alikopelekwa, kama alirudi. Na wewe mwenyewe, Juni njoo. Tutachukua gari mapema kuelekea Horohoro, tushuke mpaka Jasini tukaone hayo mashamba, tukirudi tupitie Manza. Niambie mapema tu, nipange na dereva.

Wako daima,
Rafiki yako wa Tanga