Kabla Hujakubali Injini Ing'olewe

Nakuru

Ndugu yangu Wafula,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo. Mvua imeanza, asubuhi ni baridi, na gari za dizeli zinaletwa kwetu zikivutwa kwa kamba kwa sababu zimegoma kuwaka, kwa hivyo barua yako imenikuta katikati ya kazi hiyohiyo. Mwambie shemeji pole ya mguu, na uwasalimie watoto.

Unasema fundi wa hapo Bungoma ameamua injini ya Hilux yako imekwisha, na tayari amekutafutia mtu mwenye injini ya 3L (jina la aina ya injini ya dizeli ya Toyota, si lita tatu) iliyotoka Japani. Anataka arubuni kabla ya wiki kuisha. Tafadhali usitoe hata shilingi kwanza. Nimesoma barua yako yote kwa makini na sijaona kipimo hata kimoja. Kuna dalili, kuna maneno ya fundi, na kuna bei. Hiyo gari ndiyo inayopeleka vitunguu vyako kutoka Chwele hadi soko la Kibuye, Kisumu, na najua pesa hiyo ni ya karo.

Hebu tuangalie dalili zenyewe. Asubuhi inasumbua kuwaka, inatoa moshi mweupe, na moshi huo unaisha injini ikipata joto. Ukitoka Kisumu ukipanda Kiboswa inakosa nguvu hata kama huna mzigo. Oili haipungui sana. Sasa, dizeli haina plagi ya cheche. Mafuta yanashika moto kwa sababu hewa imebanwa mpaka ikawa moto mkali, basi. Chochote kinachopunguza joto hilo, au kinachofanya mafuta yadondoke badala ya kunyunyizwa, kitakupa dalili hizo zote ulizotaja. Ringi za pistoni zilizolika zinaweza kuleta hali hiyo. Lakini hita plagi zilizokufa, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwaka, nazo zinaweza, na nozo mbovu (zinazonyunyiza mafuta kwenye silinda), na taimingi ya pampu iliyochelewa, yaani mafuta yanafika kwa kuchelewa, na hata paipu ya mafuta inayovuta hewa. Moshi wa oili ni wa bluu, nao hauondoki hata injini ikipata joto. Kama ni maji yanayoingia kwenye silinda, mvuke ungeendelea kutoka na radieta ingekuwa inapungua kila siku. Wewe hujataja lolote kati ya hayo.

Anza na vitu vya bei ndogo. Toa ule ukanda wa shaba unaounganisha hita plagi, kisha chukua balbu ya majaribio, upande mmoja kwenye chanya ya betri, upande wa pili uguse kila plagi. Ile ambayo balbu haiwaki imekatika ndani. Ukienda kununua nyingine soma maandishi kwenye ile ya zamani, kwa sababu Toyota walitumia plagi za volti tofauti na kwa macho zinafanana. Ya volti ndogo ikiwekwa mahali pa kubwa inaungua upesi. Kisha weka kipande cha mpira unaopitisha mwanga kati ya filta ya dizeli na pampu, uwashe gari, utazame. Ukiona mapovu yanapita, umepata sababu moja ya kugoma asubuhi, na dawa yake ni klipu au paipu mpya.

Nozo nazo utazijua injini ikiwa inanguruma polepole. Legeza nati ya paipu ya nozo moja kwa spana, nusu mzunguko tu, kitambaa kikiwa juu yake na mkono wako ukiwa mbali, maana dizeli ya presha ile hupenya ngozi na kuingia mwilini, na hilo ni jambo la hospitali. Injini ikiyumba, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Isipobadilika, hapo ndipo kuna ugonjwa. Kaza, nenda kwa inayofuata. Ukishaipata ile dhaifu, hamisha nozo yake kwenye silinda nyingine. Ugonjwa ukihama na nozo, mpelekee fundi wa pampu hiyo nozo aipime, wala usizungumze tena habari za injini mpya.

Baada ya hayo ndipo upime kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa kwenye kila silinda, na hapa ndipo ningetaka umsimamie fundi wako mwenyewe. Geji ya petroli haifai, haifiki presha ya dizeli. Lazima iwe geji ya dizeli inayofungwa kwenye tundu la hita plagi. Injini iwe ya moto, plagi zote nne zitolewe, waya wa kukata mafuta kwenye pampu uchomolewe, na betri iwe na nguvu, kwa sababu stata ikizunguka kivivu kila namba itakuwa ya uongo. Kwa 2L na 3L, injini nzuri hupiga karibu PSI 455 (PSI ni kipimo cha presha). Chini ya 284 imechoka. Na silinda moja isipishane na nyingine kwa zaidi ya 71 hivi. Andika namba zote nne kwa mpangilio, kuanzia ya mbele.

Mpangilio una maana. Mbili zinazopakana zikiwa chini na nyingine mbili ziko sawa, shuku gaskiti ya hedi kati yao. Moja tu ikiwa chini, mwambie apime kwanza nafasi za valvu, kwa sababu katika injini hizi valvu hukalia chini kadiri miaka inavyokwenda, nafasi inabana, valvu haifungi sawasawa, na kompresheni inavuja hapo. Kuna gari nyingi zimeng'olewa injini kwa kosa la valvu iliyobana, na jambo hilo huniuma sana. Zote nne zikiwa chini pamoja, na ukigeuza kifuniko cha oili juu chini juu ya tundu lake injini ikinguruma kinarukaruka na moshi unapuliza, basi fundi wako alikuwa na haki, na tuzungumze habari ya kubadilisha.

Tuseme imefika hapo. Kwanza elewa kwamba 2L, 3L na 5L kwa nje ni ndugu wa tumbo moja. 2L ni sisi (cc, yaani ukubwa wa injini) 2446, 3L ni 2779, 5L ni 2986. Zinaingia mahali palepale na wengi hawawezi kuzitofautisha kwa macho, kwa hivyo 2L huuzwa kwa bei ya 3L. Kinachokutetea ni nambari iliyochongwa kwenye bloki yenyewe, wala si kibandiko, wala rangi iliyoandikwa kwa brashi na muuzaji.

Fanya hivi. Nenda na kitambaa, dizeli kidogo kwenye chupa, karatasi nyembamba na penseli laini. Safisha mahali pa nambari mpaka chuma kionekane. Weka karatasi juu yake, uishike isisogee, kisha upake penseli kwa ubavu wa ncha, polepole. Nambari itajitokeza kwenye karatasi, na pamoja nayo kila mkwaruzo wa chuma. Nambari ya kiwandani huja na tarakimu zenye kimo kimoja, zimekaa kwenye mstari, na chuma kilichozizunguka kina sura moja. Iliyochezewa utaiona: sehemu imelainishwa kwa tupa ikawa bonde kidogo, tarakimu moja imezama kuliko jirani yake, au "3" ina mkia wa "2" chini yake. Ukiona hivyo ondoka hapo kwa heshima. Injini ya namna hiyo inaweza kuwa imetoka kwenye gari la wizi, na polisi watakuuliza wewe.

Chukua karatasi kama hiyo pia ya injini yako ya sasa kabla gari halijaingia gereji. Na uweke alama ya ponchi, nukta mbili ndogo kwenye ubavu wa bloki mahali unapopajua wewe tu. Nasema haya kwa sababu mteja mmoja alileta gari lake hapa kwetu baada ya kulipia "injini mpya" gereji fulani ambayo sitaitaja. Bloki ilikuwa inang'aa kwa rangi ya fedha. Nilipoinama na tochi, rangi ilikuwa imepanda juu ya tope lililokauka, juu ya kingo za gaskiti, hata juu ya klipu za paipu za maji. Boliti zinazoshika gia bokisi kwenye injini zilikuwa na kutu ile ile ya miaka, hakuna hata moja yenye alama ya spana. Nambari ilikuwa ile ile ya logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari. Mzee wa watu alikuwa ameuza ng'ombe. Injini ikishuka kwa kweli lazima boliti hizo ziguswe, mauntini (vishikio vya injini) ziguswe, gaskiti ya ekzosi iwe mpya, maji ya radieta yawe mapya. Hizo ndizo sehemu za kuangalia siku ya kuchukua gari.

Unaponunua, usiogope oili nyeusi, dizeli yote huwa nyeusi. Ogopa oili ya rangi ya chai ya maziwa, na ogopa vumbi la chuma linalometameta ukisugua oili kati ya vidole. Zungusha injini kwa spana kwenye boliti ya mbele hita plagi zikiwa nje; izunguke duru kamili mbili bila kukwama. Muuzaji akikubali kufunga stata na geji hapo chini, injini ipimwe mbele yako. Asipokubali, mtafute mwingine.

Ikiwa bado haijapandishwa, badilisha taimingi belti. Usikubali kutumia ile iliyokuja nayo hata kama inaonekana nzuri, maana belti ikikatika valvu zinakutana na pistoni na utakuwa umerudi ulikoanzia. Sili ya nyuma ya kranki na klachi pia, wakati pako wazi.

La mwisho ni karatasi, na watu wetu hulipuuza sana. Logibuku yako ina nambari ya injini na ukubwa wake. Ukibadilisha bloki, andika risiti iwe na nambari kamili na jina la muuzaji, kisha uombe mabadiliko NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia akaunti yako ya eCitizen na upeleke gari likaguliwe. Ukiweka 5L, hata sisi zitabadilika. Ijulishe kampuni ya bima kwa maandishi. Na injini ya zamani ni mali yako, usiiache gereji bure. Nambari yake bado iko kwa jina lako. Ukiiuza, iuze kwa risiti yenye jina na kitambulisho cha aliyenunua, ili isije ikaonekana kwenye gari lingine wewe hujui imefikaje.

Kama fundi wako hana geji ya dizeli, nitakutumia yangu kwa basi la usiku, ujue tu nani ataipokea stendi ya Bungoma. Zile namba nne nitumie kwa mpangilio, ya mbele ikiwa ya kwanza, pamoja na picha ya karatasi ya penseli. Yule mtu wa arubuni mwambie unasubiri kipimo.

Ni mimi rafiki yako,
Kiprono