Si kila bendera ya prosesa hufuata upepo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe makala ya kompyuta ya Jumamosi iliyopita. Kwanza niseme nilifurahi. Si kila siku gazeti la Kiswahili linaingia mpaka ndani ya kerneli, yaani kile kiini cha mfumo endeshi kinachoshika funguo zote za mashine. Na neno "bendera" mwandishi wako kalichagua vizuri, asibabaishwe na watakaomtaka aandike "viashiria". Lakini kasema mawili ambayo nimeshindwa kuyanyamazia: kwamba bendera za prosesa, ile chipu inayotekeleza amri za kompyuta, ni kumbukumbu tu ya hesabu iliyopita, na kwamba programu ya kawaida ikigusa bendera isiyo yake, prosesa huizuia palepale.

La kwanza ni nusu ya habari. Katika ukoo wa prosesa ulioanza na Intel 8086 mwaka 1978, ambao mpaka leo umo ndani ya laptopu nyingi zinazoletwa kwangu, bendera zote hukaa kwenye rejista moja, yaani kisanduku kidogo cha kumbukumbu ndani ya prosesa, kila moja na biti yake, nafasi inayoshika 0 au 1. Biti ya 0 hushika ile "moja kichwani" tuliyofundishwa tukijumlisha shuleni. Biti ya 6 huwaka jibu likiwa sifuri. Hizo ni bendera fuata upepo kwelikweli, karibu kila hesabu inazigeuza. Biti ya 9 ni jirani yao tu, kazi yake nyingine kabisa. Ikiwa 1, saa ya mashine, kibodi na kadi ya mtandao zina ruhusa ya kuikatiza prosesa, yaani kuisimamisha kidogo ishughulikie jambo lao. Ikiwa 0, zote zisubiri.

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa reli, stesheni ya Korogwe, na bendera zake mbili, nyekundu na kijani. Akipokea zamu, swali lake la kwanza kwa mwenzake lilikuwa bendera ameiacha vipi. Nimemkumbuka sana nilipoanza kusoma kodi, yaani maandishi ya programu, ya mfumo endeshi wa Linux. Kerneli inapotaka kugusa kitu ambacho katizo nalo linaweza kukigusa, mara nyingi huanza kwa kunakili hali ya bendera, ndipo huizima biti ya 9. Ikimaliza hairukii kuiwasha. Inarudisha ile hali iliyoikuta. Maana huenda aliyeiita kazi hiyo alikuwa ameshaizima mwenyewe kwa sababu zake, bado ameshika kufuli, ile alama ya kwamba kitu kinatumika na wengine wasubiri. Ukiiwasha wewe, katizo linaingia, linataka kufuli lilelile, linaanza kulisubiri kwenye prosesa ileile iliyolishika. Hapo hakuna atakayemwachia mwenziwe. Mashine inaganda, na mwenye mashine analeta kwa fundi akisema ina virusi.

La pili ndilo lililonishikisha kalamu. Jioni nina vijana wawili ninaowafundisha chumba cha nyuma cha duka langu hapa Ngamiani. Mmoja ameandika kerneli yake ndogo, anaiendesha ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima. Siku moja akataka programu yake ya kawaida, iliyo ngazi ya 3, ile ya mamlaka ya chini kabisa (kerneli hukaa ngazi ya 0), isisumbuliwe na saa. Akatumia amri ya CLI, ambayo kazi yake ni kuizima biti ya 9. Prosesa ikakataa, kerneli ikaiua programu. Mpaka hapo mwandishi wako yuko sahihi.

Kijana hakukubali. Akazinakili bendera zote kwenye staki, sehemu ya kumbukumbu ya kuwekea vitu kwa muda, kwa amri ya PUSHF, akaifuta biti ya 9 katika ile nakala, akairudisha kwenye rejista kwa amri ya POPF. Programu ikaendelea kama kawaida, hakuna kosa lolote. Akaja anaruka: "Mwalimu, nimeivunja!" Nikamwambia azisome bendera tena, achapishe thamani yake. Alitarajia 0x2, yaani biti ya 1 peke yake imewaka, kwa kuwa hiyo huwa 1 siku zote. Kioo kikaonyesha 0x202, yaani biti ya 1 na ya 9 zote zimewaka. Biti ya 9 haikutikisika, na saa ilikuwa bado inagonga. Prosesa ilipokea amri yake, ikabadilisha zile alizoruhusiwa kubadilisha, nyingine ikaziacha, na haikumwambia neno. Alikaa kimya kama dakika nzima.

Ukimya huo umewatesa wakubwa kuliko sisi. VMware walipotoa bidhaa yao ya kwanza mwaka 1999, iliyoendesha mfumo endeshi mmoja ndani ya mwingine, kerneli ya ndani ilibidi ishushwe ngazi. Sasa fikiria kerneli hiyo inazima makatizo kwa POPF, inaamini yamezimika, na programu ya VMware inayoisimamia haina habari kwa sababu prosesa haikupiga kelele. Ikawalazimu wawe wanaitafsiri kodi ya kerneli ile papo kwa papo, amri za namna hiyo wakiziondoa na kuweka zao. Intel walianza kuuza prosesa zenye msaada wa kuendesha mfumo endeshi ndani ya mwingine mwaka 2005, wapinzani wao AMD wakafuata 2006.

Kwa hiyo msomaji aliyeamini makala ile, akaandika programu yake akingoja prosesa imkemee, atangoja sana.

Naomba masahihisho yatoke ukurasa uleule. Vijana wangu walishaibandika makala hiyo ukutani kabla sijaisoma, na yule wa 0x202 ameizungushia aya ya nne kalamu nyekundu.

Fundi na msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga